Kompyuta Iliyokwama Kwenye Ndoa

Mwalimu Nukta alistaafu akiwa mzima wa afya, na kazi ya kwanza aliyojipa ilikuwa kuandika wasifu utakaosomwa siku ya mazishi yake.

Hakuwa na haraka ya kwenda kokote. Ila alikuwa amewazika wenzake watatu aliofundisha nao, na mara zote tatu alikaa kwenye kiti cha plastiki akisaga meno huku mpwa wa marehemu akisoma karatasi iliyojaa makosa. Wa tatu ndiye aliyemmaliza kabisa. Ilisomwa mbele ya umati kwamba marehemu "ameacha mke mmoja na watoto sita wasiozibika." Watu waliinamisha vichwa kwa majonzi, yeye akainamisha chake kwa hasira.

Alikuwa amefundisha lugha miaka thelathini na minne. Jina la Nukta alipewa na wanafunzi, kwa sababu insha iliyokosa nukta mwishoni aliirudisha hata ingekuwa tamu namna gani. Mtu wa namna hiyo hawezi kukubali kuzikwa na makosa ya wengine.

"Mimi nitazikwa na sarufi," alimwambia mkewe.

"Zikwa na unachotaka," mkewe akajibu bila kuinua macho kwenye sufu aliyokuwa akifuma. "Mimi nimo humo?"

"Umo. Tena kwa kirefu. Nakuja huko."

Chombo cha kazi kilikuwa kompyuta ya mezani, ya zamani, aliyoiacha binti yao alipohamia mji mwingine kikazi. Sanduku lake jeusi lilibanwa kwenye kona ya sebule, mgongo ukiwa umegusa ukuta. Mkewe hakupenda kuona kitu kikikaa uchi ndani ya nyumba yake. Alikuwa amelifumia kitambaa kizito cha zambarau kilichoshuka ubavuni hadi nyuma, kama alivyofumia redio, mito ya makochi, mtungi wa maji na, kwa majuma machache, paka. Kiti chake cha kufumia kilikuwa papo hapo pembeni ya meza, kwa sababu ya mwanga wa dirisha.

Kila asubuhi saa tatu, baada ya chai, Mwalimu aliwasha mashine na kusoma kuanzia mstari wa kwanza. Hiyo ilikuwa kanuni yake: hupandi ghorofa ya pili kabla hujakagua ya kwanza. Akasoma kuzaliwa kwake, akarekebisha koma. Akasoma shule ya msingi, na habari za jogoo aliyemfuga utotoni. Akapita chuo cha ualimu na kituo cha kwanza cha kazi. Hapo nusu saa ilikuwa imekwisha, akakunjua vidole na kuandika, "Mwaka huo, marehemu..."

Na hapo kompyuta ikaanza kuburura miguu.

Alibonyeza herufi, ikatokea baada ya yeye kupumua mara mbili. Mshale ulitembea kwenye kioo kama bibi harusi anayesindikizwa. Ndani ya sanduku kitu kilinguruma, kikapanda sauti, na mwishowe kila kitu kikaganda. Mwalimu akaizima akaenda kumwagilia mboga. Kesho yake ikawa vilevile. Na keshokutwa.

Baada ya mwezi mkewe akauliza, "Umefika wapi?"

"Chuoni."

"Mwezi mzima uko chuoni? Ulirudia mwaka?"

"Si mimi. Ni mashine. Ikifika kwenye ndoa inagoma."

Sindano ya kufumia ikasimama hewani. "Inagoma yenyewe?"

"Yenyewe."

"Kompyuta haina wifi wala mama mkwe. Imejuaje kwamba hapo nimefika mimi?"

Mwalimu akaona hapa pamechafuka. Akampigia simu binti yake.

"Baba, izime uiwashe tena," binti akasema.

Akaizima, akaiwasha. Ikaenda dakika tano ikaganda.

"Basi itakuwa imejaa. Futa vitu usivyovihitaji."

Hilo alilielewa. Alikaa siku nzima akifuta kila faili lenye jina lililoandikwa vibaya. Jioni kompyuta ilikuwa imepoteza sauti na michezo yote ya karata, lakini mwendo ulikuwa uleule.

Ndipo akaikumbatia kama mtoto mgonjwa, akaipeleka kwa fundi wa kompyuta.

Duka la fundi lilikuwa jembamba kama korido. Mashine zilipangwa mezani mbavu zikiwa wazi, na kwenye pembe feni kubwa ya kusimama ilivuma mpaka karatasi zikawekewa mawe juu. Fundi alivaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso. Akafungua sanduku, akaunganisha nyaya, akaiwasha. Kompyuta ikakimbia kama iliyokuwa ikisubiri kutoka nyumbani.

"Mzee, hii haina ugonjwa."

Akairudisha. Saa tatu na nusu asubuhi ikaganda.

Safari ya pili fundi aliifukuzia virusi, ambao kwa maelezo yake walikuwa kumi na mmoja. Ya tatu akaiongezea memori. "Sasa hii ina akili kuliko baadhi ya wateja wangu," akasema. Mara zote ilikimbia palepale dukani, na mara zote ilikwama nyumbani, mlangoni pa ndoa. Safari ya nne fundi aliweka bisibisi chini, akamtazama Mwalimu kwa upole.

"Samahani mzee, nyumbani huwa unaiandikia nini?"

"Wasifu wangu wa marehemu."

Fundi akabadilisha miwani, akamkagua upya kuanzia viatu. "Basi labda nayo inaogopa," akasema.

Nyumbani hali ilizidi kuwa nzito. Mkewe hakugomba, na afadhali angegomba. Asubuhi chai ilikuja, sukari haikuja. Akisalimiwa, aliitika kwa kuangalia ukuta. Siku ya tatu ya chai chungu ndipo akafungua kinywa.

"Kwa fundi inakimbia. Hapa, ikifika kwangu, inagoma. Mwite mdogo wangu aje aitazame."

"Mdogo wako ni fundi wa friji."

"Ni fundi. Au unamwogopa?"

Alimwogopa, na alikuwa na sababu. Shemeji yake huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Baridi, alikuwa na karakana ya friji na feni umbali wa mitaa mitatu. Miaka miwili nyuma alitundika bango jipya: TUNA TENGENEZA FRIJI NA FENI VILIVYO KUFA. Mwalimu alipita, akaliona, akashindwa kujizuia. Alipanda juu ya kreti, akatoa chaki mfukoni, akaunganisha "tuna" na "tengeneza," akafuta "vilivyo kufa," akaandika "zilizokufa." Tena alifanya hivyo mchana kweupe, mbele ya wateja, akiwaeleza kwa sauti ya darasani kwamba friji na feni ni ngeli moja. Mteja mmoja alicheka mpaka akakalia friji yake. Tangu siku hiyo Baridi alimsalimia dada yake akiwa barazani, na ndani hakutia mguu.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu akavaa shati la kwendea watu, akaenda.

Alimkuta Baridi amepiga magoti nyuma ya friji, mikono imejaa grisi.

"Karibu, shemeji," akasema bila kusimama. "Umekuja na chaki?"

"Nimekuja na shida."

"Aa. Shida haina ngeli. Keti."

Mwalimu akaketi juu ya mtungi wa gesi mtupu. Akainua macho, akaona bango limepakwa rangi upya: VITU VYA BARIDI HAPA. Akalisoma mara mbili. Baridi akamwona.

"Hapo utakosoa nini?"

"Hakuna," Mwalimu akasema. "Ni maneno yaliyonyooka. Na siku ile, shemeji, nilikosa adabu. Kosa lilikuwa lako, lakini aibu nilikutia mimi."

Baridi akajifuta mikono kwa kitambaa polepole, huku akiipima ile samahani iliyokuja na mfupa ndani. Kisha akacheka. "Haya. Eleza."

Mwalimu alianza na virusi na memori, lakini Baridi akamkatiza.

"Achana na hao. Asubuhi ukiiwasha inaanza vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Inachoka baada ya muda gani?"

"Nusu saa."

"Ukiizima ukaiwasha papo hapo?"

"Inachoka mapema zaidi. Nikiiacha ilale mpaka kesho, inapona."

"Na huko kwa fundi inakaa imevuliwa nguo?"

"Imevuliwa nini?"

"Ubavu uko wazi?"

"Uko wazi. Na kuna feni kubwa inaipulizia."

Baridi akapiga makofi mara moja. "Shemeji, umezunguka mji na mgonjwa wa homa, kila mtu anampa dawa ya minyoo. Hakuna hata mmoja aliyemgusa paji la uso! Nakuja kesho saa tatu. Usiiwashe mpaka nifike. Nataka niione ikiugua."

Kesho yake alifika na begi la vifaa, akavuka baraza, akaingia ndani. Dada yake alisimama mlangoni pa jikoni na kikombe mkononi, akasema, "Viatu," kama vile mdogo wake alikuwa akiingia kila siku. Baridi akavua viatu, akavuta stuli, akaketi karibu na sanduku.

"Washa. Fanya unavyofanya siku zote."

"Siku zote huwa nasoma."

"Basi soma kwa sauti, nisisinzie."

Mwalimu akasafisha koo, akasoma. Kila baada ya dakika chache Baridi alipenyeza mkono chini ya kitambaa cha zambarau na kutuliza kiganja kwenye bati. Mwalimu akafika kwa jogoo, ambaye alikuwa na tabia ya kumfuata shuleni na kuwika wakati wa hesabu, mpaka siku alipopotea katika mazingira ya kutatanisha nyumba ya mwalimu mkuu ilipopata wageni.

"Shemeji," Baridi akakatiza, "huyu jogoo ni lini hiyo?"

"Miaka hamsini iliyopita."

"Pole sana."

"Nimeshapoa," Mwalimu akasema, ingawa sauti yake haikusema hivyo. Akaendelea.

Alipofika chuoni, ndani ya sanduku feni ilianza kulia kwa sauti nyembamba. "Sasa inahema," Baridi akanong'ona. Katika kituo cha kwanza cha kazi mshale ukaanza mwendo wake wa harusi. Mwalimu akaandika "Mwaka huo, marehemu," na herufi zikabaki njiani.

"Basi. Zima. Chomoa waya kwenye ukuta."

Baridi akanyanyua kitambaa cha zambarau kwa vidole viwili. Akakitazama, akamtazama dada yake aliyekuwa bado mlangoni, akakiweka pembeni bila neno. Akalivuta sanduku kutoka ukutani, akafungua skrubu mbili, akatoa ubavu.

Ndani hapakuonekana kompyuta. Palionekana godoro, ambalo fundi alikuwa amelipita mara nne akiwinda virusi.

Manyoya ya sufu yalikuwa yamefyonzwa na feni miaka na miaka, yakashikana na vumbi mpaka yakawa kitu kimoja, kinene, kilichotulia juu ya mbavu za chuma zinazopoza moyo wa mashine. Yalikuwa kwa tabaka. Chini kabisa kijivu, juu yake waridi, kisha kijani, na juu kabisa, mbichi, zambarau. Feni ilikuwa ikizunguka katikati yake kama panya kwenye gunia la pamba.

Baridi akashusha sauti. "Shemeji, hii sufu ya nani?"

Katika nyumba ile mtu aliyefuma alikuwa mmoja, na kiti chake kilikuwa hatua moja kutoka hapo. Mwalimu alilitazama godoro lile. Maisha yake yote hakuwahi kuona kosa akalipita. Alisahihisha barua za mashemeji, matangazo ya dawa, hata karatasi ya daktari iliyoeleza ugonjwa wake mwenyewe. Sasa kosa lilikuwa mbele yake, kubwa, la rangi nne, na mwenye kosa alikuwa amemnyima sukari siku kadhaa.

"Vumbi," akasema. "Vumbi la barabarani."

"Barabara yenu ina vumbi la zambarau?"

"Barabara hii ina mambo mengi."

Lakini mkewe alikuwa amekwisha fika. Akainama, akabandua ukoko wa juu, akausugua kwa kidole gumba.

"Vumbi gani hili? Hiki ni kile kitambaa chenyewe." Akabandua tena. "Hii kijani ni sweta la mjukuu. Na hii waridi ni mashali ya harusi ya binti yetu. Nilifuma kumi na manane." Akakitazama kiti chake, akatazama tundu za feni zilizokuwa zimefunikwa. "Kwa hiyo ni mimi."

Baridi akajishughulisha na bisibisi.

"Siku zote hizi nimemnunia mume wa watu," mke akasema taratibu, "kumbe njia ya kufika kwangu nimeiziba mwenyewe!"

Akaangua kicheko, akacheka mpaka akakilenga kiti chake, akakikosa, akakaa sakafuni. Baridi akafuata. Mwalimu alijikaza kisabuni kwa muda, kisha naye akashindwa.

Kazi yenyewe ilichukua saa moja. Baridi alilitoa godoro vipandevipande kwa mkono, akapiga brashi ya rangi kwenye kila ubavu wa chuma, akapuliza kwa kipulizio huku akizuia mapanga ya feni kwa kidole. "Ukiiacha izunguke kwa upepo wa nje utaiua," alieleza. Chini ya zile mbavu alikuta dawa ya kupitisha joto imekauka kama chaki. Akaikwangua, akafuta kwa pamba yenye spiriti, akatoa bomba la sindano kwenye begi na kuweka tone jipya kama punje ya mchele. Akafunga kila kitu, akaisogeza meza mbali na ukuta kiasi cha mkono mmoja.

"Na kitambaa?" dada yake akauliza. "Nikupe ukavishe friji?"

"Friji nazo zinapumua, dada. Kivae mwenyewe."

Wakaiwasha. Nusu saa ikapita, kisha saa nzima. Feni ilisikika kwa mbali, kama mtu anayelala vizuri. Baridi akagusa bati kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanywa chai yenye sukari, akaenda zake.

Mwalimu Nukta akabaki na kompyuta nyepesi na mlango wa ndoa ulio wazi.

Akaandika: "Mwaka huo, marehemu alifunga ndoa, akajaliwa watoto watatu." Akaweka nukta. Akaitazama. Kile kistari cha kuandikia kilipepesa, kikapepesa, kikamsubiri. Alipobonyeza herufi ilitokea papo hapo, akaifuta. Akaandika nyingine, akaifuta. Jua lilihama kutoka kiti cha kufumia hadi mlangoni, na yeye alikuwa bado na mstari mmoja.

Mkewe akaja nyuma yake, akasoma juu ya bega.

"Jogoo ana mistari kumi na mmoja," akasema.

"Nimeona."

"Mimi nina mmoja. Na jina langu halimo."

Mwalimu akavua miwani. "Nikwambie kweli? Kila ilipogoma nilimshukuru Mungu. Nilikwenda kumwagilia mboga nikiwa na furaha."

"Kwa nini?"

"Sijui nianzie wapi. Nikiandika kweli, watu watacheka. Nikiandika uongo, utasimama katikati ya msiba unisahihishe."

"Hilo ningelifanya," mkewe akakubali. Akavuta kiti chake, akaketi. "Anzia kwenye barua."

"Barua gani?"

"Usijitie hamnazo. Niliyokuandikia nilipokuwa karani wa posta. Kurasa mbili, nimezimwagia moyo wangu wote. Ukanirudishia ikiwa imejaa wino mwekundu. Ukanipa saba juu ya kumi, na chini ukaandika, 'Umejitahidi. Njoo Jumapili tuzungumze.'"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Na ukaja."

"Nilikuja kukuzaba kofi."

"Kofi?" Akageuka kabisa kwenye kiti. "Miaka yote hii nimedhani ulikuja kwa sababu ya zile saba!"

"Zile saba zinaniuma mpaka leo. Barua ile ilistahili tisa." Akanyoosha sketi yake magotini. "Nilikuja, mkono nimeshaukunjua. Nikakukuta uani kwenye nyumba za walimu, umepiga magoti kwenye beseni, unafua mashuka. Nikamuuliza jirani, huyu ana mashuka mangapi? Akaniambia si yake. Mwenzake wa chumba yuko hospitali anatapika usiku kucha, ndugu zake wako mbali, na huyu kila Jumapili anafua. Nikasimama pale na mkono wangu. Nikasema, basi, kichwa chake kibovu, lakini nitampa nafasi."

Mwalimu alimkumbuka yule mwenzake, na baridi ya maji yale. Asichokumbuka ni msichana aliyesimama uani akimtazama. Yeye alikumbuka tu kwamba alipoinua macho alimwona langoni, akatabasamu, na akajisifu moyoni kwa kutoa maksi kwa haki.

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza. Wewe huwa unasahihisha." Akamsukuma begani. "Haya, andika, kabla haijapata ugonjwa mwingine."

Mwalimu akavaa miwani, akafuta ule mstari mmoja wote, pamoja na nukta yake. Akaandika jina la mkewe kwanza, kamili, la kwake na la baba yake. Kisha posta, barua, wino mwekundu. Vidole vilikimbia, na herufi zikavifuata bila kuchelewa. Alipoandika kwamba ilikuwa mwezi wa sita, mkewe akasema ilikuwa wa nane, akabadilisha bila ubishi.

Akafika uani, kwenye beseni, akasimama.

"Niandike na kofi?"

"Andika," mkewe akasema, akiokota sufu yake na kuhamia kiti cha upande wa pili wa chumba. "Wewe hutakuwepo kuona haya. Atakayekuwa amekaa pale mbele ya watu ni mimi."